Vichupa Viwili vya Mama Penseli

Maabara nzima ilimwita Mama Penseli, wala hakukasirika. Lebo za vichupa aliziandika kwa penseli tangu siku yake ya kwanza kazini, kwa sababu wino ukikutana na spiriti hufutika, ukabaki na friji lililojaa mayatima, vichupa visivyojulikana ni vya nani. Wenzake waliomcheka walikuja kukuna vichwa baadaye.

Basi mkuu wa maabara alipoagiza sampuli za zamani za homa ya ndege zisomwe kwa mashine mpya, za kwake zilitambulika zote. Vichupa viwili alivijua kabla hajavitoa: cha kaka yake na cha wifi yake.

Nyumba yao wawili hao ilikuwa na raha zake, jamani. Kuku uani, kaka akiwaita kwa majina, na wifi akirudi kutoka sokoni alikonyonyoa bata wa wateja, manyoya yamemjaa kichwani, kicheko kikimtangulia mlangoni. Kisha kaka akaugua, na siku ya tatu wifi akafuata. Kaka alipona, wifi hakupona. Miaka kumi na moja sasa kaka aliamini kuwa kuku walimwambukiza yeye, naye akamwambukiza mkewe. Hakufuga tena hata kifaranga.

Virusi vinapozaliana hunakili maandishi ya jeni zao, na hukosea herufi moja mbili. Mwalimu huwajua wanafunzi walionakiliana kwa makosa yanayofanana, na kazi ya Mama Penseli ilikuwa hiyohiyo. Ikiwa kweli ni kaka, angemwambia nini? Aliogopa sana.

Makosa hayakufanana. Virusi vya kaka vililingana na vya kuku wake waliopimwa mwaka ule, na vya wifi vililingana na vya bata wa sokoni. Akarudia kazi yote, jibu likawa lilelile.

Jioni alimkuta kaka yake jikoni akimenya viazi.

“Kaka, si wewe uliyemwambukiza. Homa aliipata kazini kwake.”

Kaka aliendelea kumenya. “Una hakika?”

“Nimesoma mara mbili. Nikudanganye ili iweje?”

“Kwenye karata ulikuwa unanidanganya kila siku.”

“Karata ni karata, kaka.”

Kisu kikasimama.

“Siku ya mazishi sikulia,” alisema. “Niliona aibu. Ningemliliaje mtu niliyemuua mwenyewe?”

Akaweka kiazi chini, akajifunika uso kwa mikono yake yenye maji, akamlilia mkewe.