Gauni la Mkono Mmoja

Walisema mtoto aliyekulia nyuma ya pazia, katika nyumba iliyogawanywa vyumba kama sanduku la mayai, hatafika popote. Leo nina diploma ya umeme na mafundi wanaoniita bosi kule kwetu Uvira, Kongo. Mwezi uliopita nilirudi Bertrams, mtaa wa Johannesburg tulikoishi ukimbizini, kwa tiketi ya ndege niliyojinunulia mwenyewe. Nikasimama mbele ya ile nyumba, ndugu yangu, na masikio yakaanza kutafuta cherehani ya mama.

Mama alikuwa mshonaji. Chumba chetu kilinukia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na mafuta ya mashine, na mteja hakuachwa mlangoni: aliketi kitandani kwetu, akapewa chai, akamsema mumewe mpaka kiu iishe. Wengi walikuwa wenyeji, Wazulu. Tuliishi hivyo hata baada ya 2008, tulipowakimbia wenye marungu waliowapiga wageni na kuchoma nyumba zao, tukalala kwenye mahema ya kituo cha polisi, kisha tukarudi.

Halafu, 2010, likaja Kombe la Dunia. Uwanja ulikuwa karibu, vuvuzela zikitikisa vioo vya madirisha. Chini ya kelele hizo watu walinong'ona kwamba wageni wa mpira wakishaondoka, sisi nasi tutaondolewa. Mama alikataa kuamini. "Maneno ya spaza hayo, ya vijiduka vya mtaani," alisema.

Wiki ya fainali, wateja wakaanza kudai nguo ambazo hazijaisha. Wa kwanza alikuwa jirani wa chumba cha mbele.

"Nipe hivyo hivyo, mama."

"Gauni lina mkono mmoja, dada."

"Si neno."

"Na huo mwingine utautia wapi, mfukoni?"

Jirani hakucheka, wala hakuketi. Kufikia jioni kamba ya nguo ilikuwa tupu. Mama akaelewa: hawakutaka vitambaa vyao viungue pamoja nasi. Akafunga mabegi. Tulilala na viatu miguuni.

Fainali ikapita, na mtaani kwetu wenye marungu hawakuja. Jirani akarudi na gauni lile lile, akitabasamu. "Eish, mama, umeona? Hakuna kitu." Akataka kuingia. Mama akalipokea mlangoni. "Ijumaa," alisema, akafunga.

Wengine nao wakarudisha nguo zao; mama alizimaliza zote, mishono imenyooka kama zamani, na kila mtu akapata yake. Chai hakummiminia mteja tena. Mwaka 2014, tulipobeba mizigo kurudi kwetu, majirani walikuja kutuaga. Walisimama nje ya mlango, kama walivyokwisha kuzoea.