Sakafu Niliyoing'arisha kwa Ajili ya Mama Naomi

Mkija kwetu, huku juu ya Kikatiti, mtaona nyayo nyekundu kwenye ngazi za mawe za sebuleni, na kabla hamjaenda kumuuliza mama yangu (ambaye akiisimulia hucheka mpaka anashika kiuno), bora niwaeleze mwenyewe, maana aibu ni yangu na nimeshaizoea.

Mnajua nauza vifaa vya ujenzi Kaloleni. Saruji, mabati, marumaru, vyote navijua kwa kushika, na mteja akisitasita nampa marumaru aiweke shavuni asikie ulaini wake (ndiyo, shavuni, na wananunua). Sasa mtu wa maringo hayo nyumbani kwake alikuwa na sakafu ya saruji nyekundu aliyoiacha marehemu baba, imefifia, ina nyufa hapa na pale, na asubuhi baridi yake inapanda mpaka magotini. Haikunisumbua hata siku moja, mpaka Naomi aliponipigia simu kwamba mama yake anakuja na baba mdogo kuona kwetu. Mama huyo akikubali, uchumba unaendelea. Akikataa, basi, kwao hakuna wa kumpinga. Na nyumba yao ya Levolosi ina marumaru mpaka barazani!

Naomi alinionya mapema. "Eliya, mama hatazami nyumba, anaishika. Atavua viatu, atapapasa kuta, atanusa. Na magoti yake mabovu, kwa hiyo anajali sana anapokanyaga. Wewe fagia tu, usijitie mambo mengi."

Laiti ningefagia tu. Nikajisemea, hii sakafu nikiipiga polishi itang'aa kama marumaru na hakuna atakayejua tofauti, basi alfajiri ya siku yenyewe nikachukua polishi nyekundu, nikaona haitoshi, nikayeyusha mishumaa, nikaongeza mafuta ya taa ili ienee vizuri, nikasugua kwa kipande cha blanketi mpaka nikaiona sura yangu. Ilikuwa Julai, na nyie mnaijua Julai yetu, ukungu umelala kwenye migomba na manyunyu hayakatiki. Mama akachungulia dirishani. "Eliya, baridi hii haikaushi kitu." Nikamjibu, "Mama, hii ndiyo kazi yangu." (Ningekuwa na uwezo wa kumeza maneno, ningeanza na hayo.)

Wageni wakafika. Shikamoo, marahaba, karibuni. Baba mdogo, mtu mnene mwenye soksi nyeupe na suruali ya kanisani, akauliza kwa upole kama anaweza kuingia na viatu kwa vile kuna baridi. Hapo Mungu alikuwa ananipa mlango wa kutokea, nami nikaufunga mwenyewe: "Hapana baba, vueni tu, mjisikie nyumbani." Nilitaka wausikie ule ulaini.

Mama Naomi akaingia, akaweka kiganja ukutani, akakipitisha taratibu. "Ukuta mkavu," akasema, nami moyo ukanituama. Akanusa. Akanusa tena. Halafu akainua mguu na soksi ikavutika nyuma imenata, ikatoa mlio kama wa plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Mlangoni polishi ilikuwa nzito, inanata, lakini karibu na makochi nilikuwa nimesugua sana, na huko ndiko alikokuwa ametangulia baba mdogo. Akateleza, akashika pazia, pazia likaja na fimbo yake, akakaa chini pwaa na kuendelea kwenda akiwa amekaa, mpaka meza yenye chupa ya chai ikamzuia.

Hakuna aliyecheka. Mama Naomi alikuwa ameung'ang'ania mkono wangu kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo nilipoona haya hasa, kwa sababu yule mama alikuwa anaogopa. "Mwanangu," akaniambia, "nitoe humu."

Nikamtoa. Wote wakatoka na soksi zao nyekundu, hakuna aliyetaka kuchafua viatu, wakakanyaga ngazi za mawe yetu ya mlimani, yale yenye vitundu vinavyofyonza kila kitu. Mama yangu akawaita jikoni, kwenye kile kibanda chake cha udongo, wakavua soksi, wakapewa loshoro ya moto, yale mahindi ya maziwa mgando. Mimi nikasimama mlangoni nikijua Naomi ameshanipotea. Nikamwona Mama Naomi akiweka nyayo tupu kwenye udongo ulioshindiliwa, karibu na mafiga, akichezesha vidole polepole, uso ukimlegea.

"Nisamehe mama," nikasema. "Nilitaka ing'ae."

"Imng'alie nani? Mimi nataka kujua mwanangu akiamka alfajiri na mtoto mgongoni atakanyaga nini. Toa hiyo takataka yako. Nitarudi."

Hakusema ndiyo wala hapana. Basi kila nilipotoka dukani nikawa napiga magoti, maji moto, sabuni, mchanga, nasugua mpaka ngozi ya vidole ikaisha, na jirani akipita namwambia nimedondosha kitu.

Akarudi kweli. Akavua viatu na soksi mwenyewe, akaenda kusimama palepale alipoangukia shemeji yake, akafumba macho, akazungusha kisigino. "Baridi," akasema. Nikaona ndiyo kwaheri. Akazungusha tena. "Lakini imara. Naomi atatandika mkeka."

Sasa Naomi ni mke wangu na mkeka upo. Polishi siipigi tena maishani, na mteja akiiulizia mwezi wa Julai namwambia arudi jua likiwaka. Zile nyayo za kwenye ngazi nilitaka kuzisugua nazo, Naomi akaninyang'anya brashi. Zote zinatoka, hakuna hata moja inayoingia. "Ziache," akasema, "siku ukitaka kung'arisha tena uangalie watu walikoelekea."