Mtunza Bustani Aliyekatazwa Kufagia

Jua halijapanda ukuta wa Bi Nadhira huko Mkomani, na Ziro Garama amesimama katikati ya bustani, ufagio wa chelewa mkononi. Hafagii. Anautazama mwarobaini ukimwaga majani, na vidole vyake havitulii.

"Mimi sielewi," anasema. "Nalipwa nilinde uchafu."

Ziro ana miaka hamsini na miwili. Tangu ujana wake kazi yake ni bustani za watu, na sifa yake ni moja: uwanja akiufagia yeye, hata wali ukimwagika unaokota ukala. Ufagio huo umesomesha watoto wanne kule kwake Mtopanga.

Mambo yaligeuka mwaka jana. Mpesheni ulitanda ukuta mzima, toka jikoni hadi langoni, ukachanua, kisha maua yakapukutika bila tunda hata moja. Bi Nadhira, mjane mwenye nyumba, akampigia simu mwanawe Imad, anayefundisha kilimo bara. Imad aliuliza jambo moja tu: wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, wanaohamisha unga wa ua hili hadi lile ili mpesheni uzae, wako wapi?

Ziro alikuwa amewaziba kwa saruji ndani ya boriti za baraza. Wadudu waliobaki aliwamaliza kwa dawa. Na alisifiwa kwa hayo.

Basi amri zikabadilika. Dawa marufuku. Majani yalale yalipoanguka. Magugu ya nyuma yaachwe yachanue. Gogo kavu la mkorosho likaletwa kwa mkokoteni, ati nyumba ya nyuki.

"Nyuki kajengewa, mimi nimepanga," Ziro anacheka. Kisha anaacha kucheka.

Mzee Abdulghani wa nyumba ya pili, ambaye Ziro alikuwa akimfanyia kazi siku za Jumamosi, alichungulia langoni.

"Ziro, mna msiba humu? Mbona uwanja haufagiwi?"

"Hakuna msiba, mzee wangu. Ni amri."

"Amri ya nani? Au ni uzee umeingia?"

Jumamosi iliyofuata, mzee alikuwa na mtu mwingine.

Ikabaki kazi ya Bi Nadhira peke yake, na hiyo nayo nusura aipoteze. Wageni walikuwa wanakuja kumposa Basma, mjukuu wa Bi Nadhira. Bibi alikuwa amekwenda Likoni kuwaita jamaa. Ziro akautazama uwanja, akaona haya. Wageni wa posa wakanyage majani? Alifagia kila pembe, akarundika takataka juu ya gogo, akawasha moto.

"Gogo langu liko wapi?" Bi Nadhira aliuliza aliporudi.

"Nimelichoma, bibi. Wageni wanakuja."

"Na waliokuwamo?"

Ziro hakujua kama walikuwamo.

"Wallahi, Ziro, sijui nikufukuze au nikupe maji ya kunywa," bibi alisema. "Sikiliza, mwanangu. Mpesheni ukichanua tena bila tunda, nitatafuta mtu asiyejua kufagia."

Sasa umechanua. Ziro amezibua matundu ya boriti kwa tindo na kuleta gogo jingine. Kila adhuhuri, maua yakishafunguka, hupita akichovya kidole katika unga wa ua hili na kuupaka ua lile, kama Imad alivyomwelekeza kwa simu.

"Mtu mzima mimi, nafanya kazi ya mdudu," anasema. "Watu wakiniona nawaambia naondoa buibui."

Wiki hii, karibu na jikoni, ameona tunda kama gololi. Hajamwambia bibi. Asubuhi alipoliona alisikia pia mvumo mzito barazani, lakini alipogeuka hakuona kitu.

"Sijui ni kidole changu, sijui ni wao. Nikisema wamerudi, kumbe ni mimi, nitakuwa mwongo. Nikisema ni mimi, bibi atauliza ananilipa kufuga nyuki gani."

Mpango wake ni huu: upande wa jikoni ataendelea kuupaka. Upande wa lango hataugusa tena.

"Huko nawaachia wenyewe," anasema, akiuegemeza ufagio ukutani. "Kukizaa langoni, wamerudi, na mimi nina kazi. Nawaomba tu wasichelewe."