Ujumbe Mwekundu

Kiwandani Athi River, mimi ndiye niliyetengeneza ukurasa wa kompyuta ambao washonaji walijiandikishia wakiingia. Hifadhidata ilipogoma kuhifadhi jina, mfumo ulitoa ujumbe mwekundu. Meneja aliuchukia. "Toa hiyo takataka! Wanunuzi wa nguo wakija kukagua wakiiona watasemaje?" Mjinga mimi, nikauzima. Tangu hapo ukurasa ulisema "Asante, umeingia" hata jina likipotea.

Asubuhi moja mlinzi alimkuta Mama Kalama, mmoja wa washonaji, akishona, na jina lake halimo kwenye orodha. Alimburuta kwa nywele hadi getini, akampiga rungu mdomoni. "Mwizi wewe! Umepitia wapi?"

Mama akatema jino, akanitazama. "Mwanangu, waambie. Kompyuta yako si iliniambia asante?"

Meneja alikuwa kando yangu. Nikanyamaza, kama nilivyoifundisha kompyuta kunyamaza.