Maji Yenye Konokono

Mvua za kwanza ziliponyesha, kondoo jike mmoja alivimba chini ya taya. Uvimbe ulikuwa laini, ukiubonyeza kidole kinaacha shimo. Tharcisse Kisimba alimbana mnyama huyo kati ya magoti, akamfunua kope la jicho. Ndani, palipotakiwa kuwa pekundu, palikuwa peupe kama unga wa muhogo.

Hakumwita mtu. Aliutazama mfereji wa maji ya rangi ya kutu ulioshuka kutoka kwenye vifusi vya mgodi, hatua chache chini ya malisho yake ya mlimani, akawa amepata jibu. Mtu yeyote wa mtaa wa Musonoi, hapa Kolwezi, angepata jibu lilo hilo. Mtoto akitoka vipele, mboga zikikauka, samaki wakielea, watu husema ni maji ya kampuni, na mara nyingi hawana sababu ya kusema vingine.

Kundi lile halikuwa mali tu kwake. Alikuwa amechimba kobalti tangu ujana, hadi siku ardhi ilipomfukia Glodi, mdogo wake, na yeye akabaki mdomoni mwa shimo ameshika kamba ambayo hakuna aliyeivuta upande wa pili. Matanga yalipokwisha alimwambia mkewe, Noëlla, kwamba hatashuka tena. Aliuza vifaa vyake, akaenda Kasaji, akarudi na kondoo ndani ya lori la mahindi. Wakiongezeka, angebaki juu ya ardhi. Wakifa, hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Noëlla alilifahamu hilo vizuri, ndiyo maana kila asubuhi aliuliza habari za kondoo kabla ya kuuliza za watoto.

Wachimbaji wenzake wa zamani walimtania kila alipopita na kundi lake, wakimwita mchungaji wa kanisa.

"Pasteur!" Blanchard, kiongozi wa timu yao, alipaza sauti. "Kanisa yako inaenda wapi leo?"

"Inaenda kukula. Yako inaenda kuzimu."

"Kuzimu kuko baridi, Pasteur! Siku utachoka na mavi ya kondoo, kuya kwetu. Nafasi yako iko."

Wakacheka wote, Tharcisse pia. Lakini siku ile, akiwa na jike aliyevimba nyuma yake, kicheko hakikumtoka vizuri.

Aliamua kuhama. Na katika kutafuta maji safi hakubahatisha, maana mchimbaji anayajua maji. Kwenye mabwawa ya kando ya mashimo, maji huweza kung'aa kama kioo yakawa yanaunguza ngozi. Kwa hiyo kabla ya kunywa, wachimbaji hugeuza mawe na kuchungulia mashina ya majani. Wakikuta konokono, wanakunywa. Wasipomkuta, wanavumilia kiu. Tharcisse alikuwa ameishi kwa kipimo hicho miaka mingi na hakikumwangusha hata mara moja.

Upande wa Dilala alipata bonde la majimaji ambalo hakuna aliyelilima. Majani yalifika magotini, na kwenye mashina yake walinata konokono wadogo wa kahawia, wengi kiasi cha kuchota kwa kiganja. Alimleta Noëlla aone.

"Angalia. Bitu biko bizima. Hii maji haina sumu."

"Mungu ni muzuri," Noëlla alisema, akachuma konokono mmoja akamweka kiganjani. "Basi zikae hapa."

Wakakaa hapo mvua karibu zote. Mwanzoni ilionekana kwamba alifanya la maana, kwa kuwa kondoo walishiba na baadhi wakaanza kurukaruka. Kisha, mvua zikielekea ukingoni, dume mnene kuliko wote alikutwa amekufa, mdomo bado una majani. Baada yake majike wawili wakaharibu mimba. Manyoya yakawa yanang'oka mkononi. Wale wengine walitembea nyuma ya kundi kama watu wanaosindikiza maiti, wakisimama kila baada ya hatua chache kupumua, na kila mmoja alikuwa amening'iniza kifuko cha maji chini ya taya.

Tharcisse aliwanywesha chumvi. Aliwanywesha makaa yaliyosagwa. Alichukua vidonge vya minyoo vya watoto wake, akavivunja vipande, kila kondoo kipande chake, ili vitoshe wote. Alimshuku mwenye shamba la jirani kwamba amewatilia sumu, karibu wapigane. Usiku hakulala.

Mwishowe alimfuata daktari wa mifugo, Adèle Mwamba, ambaye alikuja kwa pikipiki akiwa amevaa buti za mpira. Adèle hakuwatazama kondoo waliosimama. Alimtaka aliyekufa asubuhi ile. Akampasua, akatoa ini, akalikata. Ndani ya mishipa yake migumu mlitoka vitu bapa kama majani yaliyolowa, vikajikunja juu ya kisu. Alipolifungua tumbo, ukuta wake ulikuwa umejaa nyuzi nyembamba nyekundu.

"Njo sumu hii?" Tharcisse aliuliza.

"Ni minyoo, baba. Hii ya tumbo inakunywa damu. Ilianza kule kwako kwa zamani, sababu ya kuzifunga pahali pamoja. Na hii ya maini ilikuya nyuma, hapa mu bonde."

"Ilitoka ku kampuni?"

"Ilitoka ku konokono."

Akamweleza. Mayai hutoka na mavi, huanguliwa majini, vibuu vyake huingia ndani ya konokono, vikatoka na kunata kwenye majani. Kondoo akila majani hayo, amekula na minyoo.

Tharcisse alikaa chini kwenye nyasi. "Mi nilizifuatisha konokono, mama. Nilijua ni alama ya maji muzuri."

Adèle alifuta kisu. "Maji ni muzuri. Njo sababu konokono anaikala mule."

"Ni zangu tu?"

"Kila kundi ninafungua, ninakuta minyoo. Ata mu zile zinanona. Ikiwa kidogo, kondoo anavumilia. Ku soko benye kuuzisha nyama banakata ile kipande ya maini, banatupia imbwa, hakuna mutu anauliza."

"Nitazipeleka wapi?"

"Pakavu. Rudia ku mulima yako, usizifunge tena pahali pamoja, na maji utabeba ya bomba."

"Kule kuko sumu!"

"Sijapima. Siwezi kukuambia kuko muzuri. Niko nakuambia ile niliona na macho."

Dawa ya minyoo ya maini haikuwapo Kolwezi, ingetoka Lubumbashi. Ilipimwa kwa uzito wa kila mnyama, si kwa kuvunja kidonge, na kondoo hawakuweza kuingoja muda mrefu. Lakini pesa ya kuinunua haikuwapo: hakuna aliyenunua kondoo mwenye taya iliyovimba, na meza ya Noëlla sokoni ililisha nyumba siku hadi siku bila kubakiza kitu.

Jioni Tharcisse alienda Musonoi, kwa wachimbaji. Blanchard alikuwa ameketi kwenye benchi na vijana wake.

"Pasteur. Kondoo?"

"Zinakufa."

Hakuna aliyecheka. Blanchard alisogea, akamwachia nafasi. "Kesho asubuhi, basi," alisema.

Nyumbani Noëlla alikwisha kujua, kwa namna alivyomwona akiingia.

"Ulisema hautashuka."

"Nilisema."

"Na sasa unashuka juu ya kondoo zenye zilikutoa mu shimo."

Tharcisse aliwasha taa. Alimvuta jike mmoja karibu na taa, akamshika kidevu. "Dawa ikifika, usimuinue kichwa sana. Itaingia mu mapafu, atakufa mu mikono yako. Shika hapa, mumiminie kidogo."

"Juu ya nini unanifundisha? Utamunywesha weye."

"Kidogo, unangoja ameze," alisema, akauchukua mkono wa mkewe akauweka chini ya taya iliyovimba. "Halafu tena kidogo."