Mbunge wa zamani wa India aliyenizungusha kuomba kura kwa Waswahili wenzangu

Wakuu, heshima kwenu.

Hii siyo chai, ni kisa cha kweli. Mmoja wa wahusika yupo humu humu jukwaani, nikichomekea atanisahihisha.

Mwaka 2015 nilikuwa naishi Gahanna, pembeni ya Columbus, Ohio, nafanya kazi warehouse. Jirani yangu alikuwa dada wa Kihindi, daktari. Baba yake akaja kumtembelea kwa miezi kadhaa. Tulimwita Mzee Venkat.

Mzee huyu ni mtoto wa mkulima. Alianza kwa kukoboa mpunga wa watu kwa mashine ya kukodi, mwisho akawa na viwanda vyake vya mchele. Akaingia kwenye siasa, akakaa bunge la jimbo lao vipindi viwili. Cha tatu wakampiga chini.

Nilijua yote hayo ndani ya wiki moja, maana hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye. Binti yuko hospitali, wajukuu wako kwenye tablet. Mtu aliyezoea kuamka na kukuta uani kumejaa watu wenye shida zao, ukimweka Ohio wakati wa baridi ni kama umemfunga.

Sasa wakati huo Waswahili wa Columbus, Louisville na Buffalo tulitaka kuunda umoja mmoja. Watanzania, Wakongo, Warundi. Lengo kubwa lilikuwa darasa la Kiswahili la Jumamosi, maana watoto wetu unawasalimia "hujambo", wanakujibu "I'm good".

Nikagombea uenyekiti. Mpinzani wangu alikuwa Mchungaji Baraka, Mkongo wa Bukavu anayeishi Kenmore, kule Buffalo. Watu wake walishasema nikishinda mimi, wao wanajitoa. Na bila wao hakuna umoja.

Nikamweleza Mzee Venkat. Macho yakamwaka.

"Umemtembelea nani?"

Nikamwambia nimefungua group la WhatsApp.

Akasema, "Simu haiwezi kula chakula cha mtu. Washa gari."

Tukaanza na Louisville, mtaa wa Newburg, apartment moja baada ya nyingine. Mzee kavaa shuka lake jeupe kiunoni, juu jacket kubwa la mkwewe. Mama mmoja wa Kikongo akatufungulia, akatuangalia sana.

"Donc unakuja kuomba kura na Muhindi? Bon, muingie, baridi iko mingi."

Mzee hali nyama wala samaki. Bahati nzuri kulikuwa na bugali na sombe tupu, yaani ugali na kisamvu kitupu. Akala kwa mkono, akaomba aongezewe. Yule mama akasahau kabisa kunihoji mimi.

Tukiwa njiani kurudi akasema, "Wiki ijayo Buffalo."

"Kwa mpinzani wangu?"

"Kwake ndiko tulikopaswa kuanzia." Akageukia dirishani. "Kuna kijiji kimoja hakikunipa kura mara ya kwanza. Nikajenga barabara kote, wao nikawaruka. Nilikuwa na viwanda, nikadhani siwahitaji. Hao ndio waliozunguka vijiji vya jirani mpaka nikaanguka."

Basi Jumamosi iliyofuata tukaenda Kenmore, theluji imejaa barabarani. Mchungaji akatukaribisha bila kucheka. Ukutani kulikuwa na picha ya mkewe, Mama Furaha, amesimama mbele ya darasa kule Bukavu. Tukanywa chai.

Mzee ndiye aliyeanza, kwa Kiingereza. "Huyu kijana amekukosea nini?"

Mchungaji akanigeukia mimi, akajibu kwa Kiswahili. "Wewe mwenyewe, hapana. Lakini kwa mikutano, mama zetu wakisema, Watanzania munacheka. Munasema ile haiko Kiswahili. Sasa hiyo darasa, tutafundisha batoto bacheke bazazi babo?"

Nikamtafsiria mzee, mpaka hapo pa watoto kuwacheka wazazi wao. Akaniambia taratibu, "Usijitetee."

Nikatazama ile picha ukutani. "Mchungaji, mama hapa ni mwalimu. Kwa nini asifundishe yeye, pamoja na mwalimu wa kwetu?"

Mama Furaha akatokea mlango wa jikoni. "Nitafundisha. Lakini hakuna mtu ya kucheka."

Hapo ndipo mchungaji akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Uchaguzi ukafanyika Columbus. Wakuu, nilishindwa, na nilishindwa kihalali. Mzee alikaa mstari wa mbele akampigia mchungaji makofi kuliko Wakongo wenyewe. Kisha akanisogelea. "Nenda kamkumbatie sasa hivi, kabla watu hawajaanza kukutazama usoni."

Nikaenda. Mchungaji akanishika mkono, hakuuachia, akatangaza pale pale kwamba darasa nitalisimamia mimi.

Buffalo hawakujitoa. Mzee akarudi India kwenye mchele wake. Mama Furaha akawa anafundisha kila Jumamosi kwa video, na mwalimu wetu anawasimamia watoto darasani.

Baada ya muda kidogo, jioni moja mwanangu akatoka chumbani, akamuuliza mama yake, "Mama, chakula iko wapi?"

Mke wangu ni mtu wa Tanga, kwao ni "chakula kiko wapi". Akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto. Halafu akampakulia, bila kucheka.

Nilichojifunza: anayekukataa, kaa sebuleni kwake umsikilize. Unaweza ukakosa cheo na bado ukapata lile lililokufanya ukitafute hicho cheo.

Kama umewahi kugombea chochote, hata uongozi wa kamati ya harusi, je, ulimfuata mpinzani wako nyumbani? Shusheni zenu hapa chini, mimi navuta kiti.