Aproni Isiyofuliwa

Lovina Troyer ni mjane, na huku kwetu Ohio mjane akifuga kuku hakuna anayemsema. Yeye akafuga kulungu! Shemeji yake Atlee, mwenye shamba, alishachoka, maana mwaka uliopita ndama wa kulungu waliofiwa na mama walikataa chupa mpaka wakafa.

"Wakifa tena, Lovina, nang'oa uzio, naingiza ng'ombe wangu."

Mwaka huu, Jumapili jioni, kulungu jike akazaa mapacha, akafa. Lovina akawakausha ndama kwa aproni yake, akaivaa vilevile ilivyolowa, akawashikia chupa ya dang'a ya mbuzi, yale maziwa mazito ya kwanza. Wakainusa aproni, wakanyonya. Alicheka huku analia.

Sasa, Jumatatu kwetu ni siku ya kufua. Mwanamke ambaye kamba yake ya nguo iko tupu jua likishapanda, atasemwa wiki nzima. Bi Fannie, mama mkwe wa Lovina, hakuitaka aibu hiyo. Alfajiri aliiokota aproni ile ya jana kwa vidole viwili, akaisugua kwa sabuni ya mafuta ya nguruwe mpaka ikatakata. Mimi jirani niliiona ikipepea, sikuwa na wasiwasi wowote.

Lovina akaingia zizini na aproni nyingine, safi. Ndama wakageuza vichwa. Aliwatia chuchu ya chupa mdomoni, wakaitema. Kufikia adhuhuri yule mdogo hawezi hata kusimama. Lovina akatoka mbio.

"Mama, aproni yangu ya jana iko wapi?"

"Kambani. Inang'aa!"

"Umeifua?"

"Ulitaka niiache? Ilinuka mnyama!"

"Mama, mnyama huyo ndiye mama yao!"

Bi Fannie akaingia zizini na gauni lake safi, akapiga magoti pale kulungu alipozalia, akazoa nyasi zilizolowa maji ya uzazi, akajipaka kifuani na mapajani.

"Nipe huyo mdogo."

"Utachafuka, Mama."

"Nimelea watoto tisa. Uchafu gani nisioujua? Lete!"

Akampakata. Lovina akashika chupa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akampangusa ndama chini ya mkia kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kama mama yake angemlamba. Ndama akakinusa kifua cha Bi Fannie. Akanusa tena. Mara akaidaka chuchu na kuvuta kwa nguvu, povu linamtoka, kimkia kinacheza.

"Anakunywa!" Bi Fannie alipiga yowe. "Lovina, mwanangu, anakunywa!"

Pacha naye akaja kumsukuma mwenzake, anataka zamu. Mimi nilikuwa nimeshika uzio, nashangilia kama mwendawazimu.

Atlee alikuwa amesikia kwamba ndama wamegoma. Alasiri akaja na koleo la kukatia waya. Akamkuta mama yake mzazi amekaa kwenye samadi, kofia imekwenda upande, ndama wawili walioshiba wamemlalia mapajani.

"Mama! Hebu toka humo."

"Toka wewe," Bi Fannie alimnong'oneza. "Unanuka ng'ombe, utawaamsha wanangu."